UZI: Hatua za kuandika, toka kubungua bongo mpaka kusahihisha, na ile moja tunayoiruka

BintWete:

Assalamu alaykum wanajamvi. Mie nasomesha Kiswahili skuli huku Pemba na pembeni nahariri kazi za watu, na kuna kitu kinanikera mpaka roho inauma. Vijana wetu wana mambo ya kusema, lugha wamezaliwa nayo, lakini kazi zinaletwa mbichi. Mtu anakaa anaandika mwanzo mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja, anapitisha macho kutafuta herufi zilizokosewa, anainakili kwa mwandiko mzuri, anakabidhi. Ukimuuliza umeipitia? Ndio maalim, nimeipitia. Kapitia nini? Kageuza "hichi" kawa "hiki" na kaweka nukta mbili tatu, bas.

Na sio kwamba hatujawasomesha. Ubaoni tunaziandika hatua zote tano: kubungua bongo (kukusanya mawazo), kupanga, rasimu (andiko la mwanzo), kurekebisha, kusahihisha. Mtoto anazikariri, mtihani ukiuliza anazitaja na maksi anapewa, halafu swali linalofuata linamwambia aandike insha na hatumii hata moja.

Hatua tunayoiruka ni ya nne. Kurekebisha. Tunatoka kwenye rasimu tunarukia kusahihisha, na tunadhani tumefanya yote mawili. Kurekebisha ni kuitazama kazi nzima na kujiuliza hivi nilichotaka kusema ndo hiki? Aya hii inafanya kazi gani hapa? Mwanzo huu ndo mwanzo kweli? Hapo unaweza kufuta nusu ya kazi. Kusahihisha kunakuja baadae, ndo mambo ya herufi, nukta na upatanisho wa kisarufi. Ukianza kusahihisha kabla ya kurekebisha unapoteza wakati, maana utakaa nusu saa kuipamba sentensi ambayo ilitakiwa itoke.

Hili lishafanyiwa utafiti zamani. Mwaka 1980 Marekani, Nancy Sommers aliwalinganisha wanafunzi 20 na waandishi wazoefu 20, akatazama kila mtu anafanya nini akiambiwa airudie kazi yake. Wanafunzi walikuwa wanabadilisha maneno, hili wanatoa lile wanaweka, wanakimbia kurudia neno. Wazoefu walikuwa wanatafuta hoja yao iko wapi na kazi ina umbo gani, wanakata, wanahamisha, wanaongeza. Nikisoma matokeo yale nawaona wanafunzi wangu walewale, sura kwa sura.

Basi nauliza na nyie, mnaandika vipi? Tuongee.

Nahodha77:

Maalim kwa heshima zote mie naona hizi hatua ni mambo ya kizungu ya kutupotezea muda. Kuandika ni kipaji, mtu anacho au hana. Malenga wetu hawa walikuwa na rasimu gani? Mtu yuko ndani ya ngalawa anavua, shairi linamjia limekamilika, akifika pwani anawaghania wenziwe, limekwisha. Nani alimsomesha kubungua bongo?

BintWete:

Nahodha kaka yangu, umeleta mfano mzuri khasa, tuutazame kwa karibu. Shairi la tarbia lina mishororo minne kila ubeti, kila mshororo mizani 16, yaani silabi 16, nane huku nane huku, na vina vya kati na vya mwisho. Malenga akiwa ndani ya ngalawa akapata mshororo una mizani 17 anafanyaje? Hauachi. Anaugeuza mdomoni, anatoa neno anatia jengine, kina kikigoma anaugeuza mshororo wote, pengine anaugeuza na uliotangulia ili upishe. Anausema tena na tena mpaka ukae. Sasa hiyo kama sio kurekebisha ni kitu gani? Karatasi ndo haipo, kazi ipo. Tena kazi kubwa kuliko yetu kwa sababu anaifanya kwa kichwa. Wewe unaliona shairi likitoka limekamilika kwa sababu ulikuwepo pwani, hukuwepo kule baharini.

Kipaji sikikatai, wako watu Mungu kawajaalia. Lakini shairi halikai sawa kwa sababu eti mtu ana kipaji, lina mizani yake na sheria zake, na malenga asiyezifuata wenziwe wanamwambia palepale kuwa shairi lako linachechemea. Sie wa insha na makala hatuna mizani ya kutukamata, tunaandika aya imelegea na hakuna kitu kinachopiga kelele. Kwa hiyo sie ndo tunahitaji kurudia zaidi kuliko yeye.

Nahodha77:

Hapo kwenye mizani umenishika. Naendelea kusoma.

Kijana_Mtambile:

Shikamoo maalim. Mie niko fomu fo, naandika makala kuhusu karafuu, kuna shindano la vijana na nataka kupeleka. Nimeandika mwanzo huu nisaidie tafadhali:

"Karafuu ni zao muhimu sana katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba. Tangu enzi na enzi zao hili limekuwa likiliingizia taifa letu fedha za kigeni. Katika makala hii nitaelezea umuhimu wa karafuu, historia yake na changamoto zake."

BintWete:

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kuiweka hadharani, wengi hawathubutu. Kiswahili chako kizuri na hakuna kosa hata moja la tahajia, ukimpa mtu wa kusahihisha atakurudishia kama ilivyo. Lakini mwanzo huu anaweza kuuandika mtu yeyote, hata aliyekuwa hajawahi kuuona mkarafuu. Wewe unakaa Mtambile, karafuu unazikanyaga, mbona wewe mwenyewe humo?

Iweke pembeni hiyo, usiifute, iweke tu. Rudi hatua ya kwanza. Chukua karatasi, tazama saa, dakika 10, andika kila kitu unachokijua kuhusu msimu wa karafuu bila kunyanyua kalamu. Usipange, usisahihishe, usirudi nyuma kusoma, ukikwama andika "nimekwama nimekwama" mpaka kije kitu. Zoezi hili Peter Elbow wa Marekani alilieneza toka 1973 na mie nimelitumia darasani mara nyingi, mtoto anayesema hana la kuandika anajaza ukurasa. Halafu tuletee orodha hapahapa kama ilivyo, hata kama imekaa ovyo.

Mzee wa Malindi:

Mwanangu BintWete, Allah akuzidishie. Sisi zamani tuliandika kwa taipureta ofisini, ukikosea mstari wa mwisho unautoa ukurasa wote unaanza tena, na karatasi za kaboni zipo chini, kwa hiyo mtu alikuwa anafikiri kwanza ndipo anapiga. Naona vijana wa simu wanaandika wakati uleule wanapofikiri na wakati uleule wanatuma. Na hawasubiri. Bwana Abdulrazak Gurnah, mtoto wetu wa hapa Unguja aliyepata tuzo ya Nobel 2021, kazaliwa 1948 na alianza kuandika ana miaka 21 huko Uingereza, lakini riwaya yake ya kwanza imetoka 1987. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi hiyo.

BintWete:

Shikamoo mzee wangu, na huo mfano wa Bwana Gurnah ntautumia darasani kesho inshaallah. Hilo la kusubiri nilikuwa nataka nilifikie. Baina ya rasimu na kurekebisha lazima kuwe na nafasi, hata usiku mmoja. Ukiisoma kazi palepale ulipoimaliza husomi kilichoandikwa, unasoma kilichomo kichwani mwako, sentensi iliyopungukiwa na neno unaiona imetimia.

Kijana_Mtambile:

Maalim hii orodha, dakika 10 kweli, sikugusa kitu:

bibi anapima kwa pishi kila mchumaji anapata chake. harufu njia nzima toka Mkanyageni. watu wanaanika pembezoni mwa barabara mpaka juu ya lami. mtoto wa jirani alianguka mkarafuuni akavunjika mkono. msimu darasa linakuwa tupu. baba anangoja karafuu aende kulipa deni la duka. usiku tunachambua makonyo (vile vijiti vya karafuu) huku tunahadithiana. vidole vinanata. nimekwama nimekwama. mvua ikija watu mbio kukunja majamvi. bei. magendo ya kwenda Mombasa watu wa zamani wanayasema. kimbunga cha 1872. babu alipanda mikarafuu mpaka leo ipo. nimekwama. makonyo nayo yanauzwa yanakwenda kiwandani Wawi.

BintWete:

Mashaallah! Jamani hebu wekeni ule mwanzo wake na orodha hii mkono wa pili mtazame. Ni mtu yuleyule.

Sasa hatua ya pili. Usitake kuvitia vyote, makala ya kurasa mbili haibebi yote hayo. Chagua kimoja ambacho ukikigusa kinavuta na vyengine. Mie jicho langu limeenda kwenye majamvi na mvua. Mbio zile zina sababu, na ukiieleza sababu utataja bei, utamtaja baba na deni lake la duka, utamtaja bibi na pishi. Hiyo ndo mpango, huhitaji namba za kirumi. Andika kwa sentensi moja unataka msomaji ajue nini akimaliza, halafu chini yake vitu vinne vitano kwa utaratibu utakaovileta.

Kimbunga cha 1872 kitie ukitaka, ila kiwe na kazi. Kile kimbunga kiliiangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi na Pemba ikasalimika zaidi, ndo toka hapo karafuu nyingi ikawa inatoka kwetu huku. Kwa hiyo kinajibu swali kwa nini Pemba. Kikikaa mwanzoni peke yake kitakuwa tarehe tu.

Andika rasimu sasa, haraka, bila kusimama kwenye neno. Neno likikukimbia acha nafasi uendelee.

Ukhti_Jang'ombe:

Salaam maalim. Mie naandika hadithi za wasap, sehemu moja kila usiku, wasomaji wangu wengi alhamdulillah na ukichelewa kidogo tu wanakujaa inbox dada vipi leo. Sasa hiyo nafasi ya kulala na rasimu mie naipata wapi? Naandika saa mbili natuma saa tatu. Na kweli nikifika sehemu ya kumi na mbili kumi na tatu najikuta jina la mume limebadilika au mtu niliyemuua kule nyuma karudi yuko sokoni Darajani ananunua samaki.

BintWete:

Ukhti, kazi yako ngumu kuliko ya mwandishi wa kitabu, usijidharau, mwandishi wa kitabu anaweza kurudi sura ya pili akabadilisha, wewe sehemu ya pili ishasomwa. Ndo maana wewe mpango unakuhitaji zaidi. Usianze kutuma siku unapoanza kuandika. Andika kwanza sehemu kama saba zikae, uwe unatuma ya kwanza huku unaandika ya nane, utakuwa kila siku unaisoma sehemu uliyoiandika wiki iliyopita kwa macho mapya kabla hujaituma. Na weka daftari dogo: kila mtu jina lake, umri, kazi, anakaa mtaa gani, na kafa sehemu ya ngapi.

Ukhti_Jang'ombe:

Hiyo ya kuwa mbele sehemu saba sijaifikiria kabisa. Naanza na hadithi mpya, hii iliyopo naimaliza hivohivo.

MtuWaTunguu:

Maalim mie nipo chuo, tasnifu. Msimamizi ananirudishia sura ya kwanza kila mara, anaandika tu pembeni "haieleweki". Nimeisahihisha lugha mpaka nimechoka. Nifanyeje?

BintWete:

Simama hapo kwenye lugha, tatizo haliko huko. Fanya hivi. Chukua sura yako, na pembeni ya kila aya andika kwa maneno machache aya hii inasema nini. Isizidi mstari mmoja. Halafu ifunike sura usome pembeni tu. Utaona mwenyewe: aya ya pili na ya sita zinasema kitu kimoja, aya ya tatu hukuweza hata kuandika inasema nini, na swali la utafiti limetokea ukurasa wa tisa. Hapo ndo pa kukata na kuhamisha. Mie nikipewa kazi ya mtu yeyote kuhariri naanza hivo, hata kalamu nyekundu siigusi kwanza.

Jengine, utangulizi uandike upya mwisho. Ule uliouandika mwanzo uliuandika hujajua utafika wapi. Sio kwamba ulikosea, kila mtu anaandika hivo. Linda Flower na John Hayes mwaka 1981 waliandika kuhusu watu walioambiwa waandike huku wanasema kwa sauti kila wanachofikiri, na ikaonekana mwandishi hapandi ngazi moja moja. Anapanga, anaandika, anarudi kupanga kwa sababu kuandika kwenyewe kumempa wazo jipya, anarekebisha sentensi, anakwenda mbele. Kabla yao 1971 Janet Emig alifanya namna hiyo na wanafunzi wa sekondari Marekani akaona mambo hayohayo. Kwa hiyo hatua zipo ila kurudi nyuma kunaruhusiwa, tena ndo kunakotakiwa.

Na kama unatumia Nyaraka za Taifa pale Kilimani, unaponakili kitu andika namba ya jalada palepale, usiseme ntakumbuka. Kwenye kurekebisha ndo utapotaka kulirudia lile jalada, na bila namba utaanza upya.

Chukwani_Boy:

Mie nataka kuuliza hiyo kubungua bongo, skuli yetu tulikuwa tunawekwa makundi ya watu sita sita, mmoja anaandika wengine wanasema, kweli wanaosema walikuwa wawili walewale. Ndo inavyotakiwa?

BintWete:

Swali zuri wallahi, na walimu wenzangu nawaomba walisome hili. Namna hii ya kukaa kikundi na kutoa mawazo bila kukosoana ilienezwa na Alex Osborn, alikuwa mtu wa matangazo ya biashara Marekani, kitabu chake kilichoieneza sana kimetoka 1953. Sharti lake kubwa ni kuwa wakati wa kukusanya hakuna kucheka wazo la mtu, kuchuja baadae. Hilo sharti zuri na ndo tunalolivunja, mtoto akitoa wazo mwenziwe anamwambia we nawe, na toka hapo hasemi tena mpaka kengele.

Lakini 1958 chuo cha Yale walilipima jambo hili. Wakalinganisha watu waliokaa kikundi kimoja na watu idadi ileile waliofikiri kila mtu peke yake halafu mawazo yao yakakusanywa pamoja. Waliofikiri peke yao walipata mengi zaidi. Kwa hiyo mie darasani kila mtoto anaandika ya kwake kwanza kimya, dakika chache tu, ndipo wanakaa pamoja kusomeana. Wale wanne waliokuwa hawasemi unawasikia. Na mara nyingi wazo la maana liko kwa mmoja wao.

Kijana_Mtambile:

Maalim rasimu hii aya ya kwanza, nimeandika jana usiku:

"Msimu wa karafuu ni wakati wa furaha kwa watu wote. Watu huamka mapema sana na kwenda kuchuma. Karafuu ambayo zimechumwa huletwa nyumbani na kuchambuliwa na baadae kuanikwa. Siku moja bibi yangu alikuwa jikoni anapika na mawingu yakaja upande wa Mkoani, alitoka mbio na mwiko mkononi akapiga ukelele na nyumba nzima tukatoka bila ya kuitwa tukaanza kukunja majamvi, jirani nao wakaja bila ya kuitwa. Karafuu ikirowa inaharibika rangi na bei inashuka."

BintWete:

Iko wapi makala yako humo? Isome tena kabla hujasoma ninayoyasema chini.

Iko kwenye sentensi ya nne. Sentensi tatu za juu ulikuwa unapasha moto, na ni sawa kabisa, rasimu ndo kazi yake hiyo, huwezi kufika kwenye mwiko wa bibi bila kupita kule. Lakini msomaji hana haja ya kupita. Zitoe. Anza na bibi.

Swali la pili, na hili ndo kubwa. Jirani walikuja bila ya kuitwa, kwa nini? Wao hawakuwa na karafuu za kuokoa? Umeandika kwa haraka umepita lakini mie msomaji nimesimama hapo. Nenda kakumbuke, au kamuulize bibi.

Swali la tatu, "bei inashuka". Kwa nani? Baba na deni lake la duka wako wapi? Ulikuwa nao kwenye orodha.

Nimeona na "karafuu ambayo zimechumwa" lakini sikuambii kitu sasa hivi kwa sababu sentensi yenyewe inatoka. Hapo mmeona wanajamvi? Ningeanza na kosa lile ningekuwa nasafisha kitu cha kutupwa.

Nahodha77:

Yakhe huu uzi umekuwa darasa. Kijana lete tukione.

Chukwani_Boy:

Wakati tunamngojea, hizi programu za akili mnemba je? Si unamtilia tu rasimu yako anakurekebishia kila kitu, hatua zote tano kwa sekunde mbili.

BintWete:

Nikwambie ninavyoona mie. Kijana wa Mtambile angeipa programu ule mwanzo wake wa kwanza, angerudishiwa mwanzo uleule umepigwa pasi, "zao adhimu", "uti wa mgongo wa uchumi". Programu haijui kama bibi alitoka na mwiko. Na haiwezi kumuuliza kuhusu jirani ikangoja aende akaulize nyumbani. Kurekebisha ni kufikiri, ukimpa mwengine akufikirie unabaki na maneno yasiyo yako.

Kwenye kusahihisha mwisho kabisa, sawa, itumie ikuoneshe neno lililorudiwa au herufi iliyokimbia, lakini na hapo usiiamini kwa Kiswahili chetu. Simu yenyewe ukiandika "yake" inakuwekea neno la Kiingereza. Weka Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) karibu, la mwaka 2010, linafaa sana kwa maneno ya huku kwetu ambayo kamusi nyengine haziyapi nafasi.

Kijana_Mtambile:

Nimemuuliza bibi. Maalim kumbe jirani walikuja kwa sababu karafuu zao walikuwa washazitia ndani, yule mzee wa jirani anajua mawingu alikuwa ameyaona mapema, na akaona sie bado tumeanika, akawaleta wanawe. Mie miaka yote sikujua. Nimeandika hivi:

"Bibi alitoka jikoni mbio, mwiko bado umo mkononi, akapiga ukelele. Mawingu yalikuwa yameshafika usawa wa Mkoani. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Tulitoka nyumba nzima bila ya kuitwa mara ya pili, tukakamata majamvi pembe kwa pembe, tukayakunja, tukayaburura mpaka barazani. Jirani nao walikuja bila ya kuitwa. Wao karafuu zao walikuwa washazitia ndani, mzee wao aliyasoma mawingu mapema, sasa wamekuja kuziokoa zetu. Karafuu ikirowa rangi inaharibika, na rangi ikiharibika bei inashuka, na baba alikuwa keshamwahidi mwenye duka kuwa deni la mchele na mafuta atalilipa ikishauzwa."

Mzee wa Malindi:

Ahsante mwanangu. Nimeiona nyumba.

Ukhti_Jang'ombe:

Hapo kwenye deni la mchele nimesisimka. Endelea mdogo wangu.

BintWete:

Hiyo sasa ni kazi yako na hakuna mwengine anayeweza kuiandika. Tazama ulichofanya: hukutafuta maneno makubwa, ulikwenda kuuliza swali, na jawabu ndo limeibadilisha aya. Sasa makala yako inazungumzia watu wanaookoleana karafuu, nayo umeipata kwenye kurekebisha, kwenye mpango haikuwemo. Rudi ukautazame mpango wako, kile kimbunga na yale makonyo ya Wawi bado vina nafasi? Mie naona kimbunga kinaweza kukaa baada ya aya hii kwa mistari miwili, makonyo yatoke. Lakini mwenye kazi ni wewe.

Kijana_Mtambile:

Makonyo nitayatoa ingawa roho inaniuma maalim. Swali la mwisho, nitajuaje kuwa imetosha? Dedlaini Ijumaa, na mie kila nikiisoma naona kitu cha kubadilisha.

BintWete:

Tazama unabadilisha nini. Kama bado unahamisha aya na kujibu maswali ya msomaji, bado unarekebisha, endelea. Ukiona umetoa neno jana na leo umelirudisha lilelile, kurekebisha kumekwisha, ingia kusahihisha. Hayo makonyo yanakili kwenye karatasi nyengine uyaweke, yana makala yao siku nyengine.

Kusahihisha fanya Alkhamis. Ichapishe kama unaweza, kwenye karatasi jicho linakamata mambo ambayo kwenye simu linayapita. Isome kwa sauti mara moja toka juu mpaka chini, panapokukata pumzi sentensi ni ndefu mno. Halafu isome kinyumenyume, sentensi ya mwisho kwanza, unapanda juu, hivo hadithi haikuchukui na unaona kila sentensi peke yake. Pitia upatanisho wa karafuu wote, amua ni karafuu moja "ikirowa" au karafuu nyingi "zikirowa", mstari mmoja umeandika "zao" na "kuziokoa" na chini ukaandika "ikirowa". Na "bila ya kuitwa" umeiweka mara mbili, wachie jirani, nyie wa nyumba moja mliitwa na ule ukelele. Ukimaliza mpe mtu mmoja ambaye hajaiona kabisa aisome, kisha itume Alkhamis usiku, usingoje Ijumaa, mtandao huko kwenu mnaujua.